Tenki Chini ya Kitanda

Ukikaa muda mrefu kwenye benchi la hospitali, unaanza kuwaonea watu wivu kwa mambo ambayo huwezi kumsimulia hata mchungaji wako. Mimi nilimwonea wivu mwanamke aliyekwenda chooni bila kushikwa mkono. Nilimwonea wivu mfagiaji aliyeinama akaokota kizibo cha soda, akainuka, akaendelea na kazi yake kana kwamba kuinama ni jambo la bure. Naandika sasa kwa sababu mshono umekauka na nywele zimerudi, na kwa sababu najua kuna mtu amekaa kwenye benchi kama lile leo, anawatazama wazima na kudhani ni yeye peke yake mwenye roho mbaya. Hauko peke yako, mwenzangu. Homa ya matumbo inamvua mtu kila kitu, na kama ndani kulikuwa na wivu, utaonekana tu.

Wangu ulikuwepo kabla ya homa, sifichi. Naitwa Mama Kabula, mke wa pili wa fundi wa pampu na makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Mke wa kwanza ni Mama Kulwa. Yeye anakaa Kagongwa kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye umeme, na bomba la maji uani. Alizaa mapacha, Kulwa na Doto, ambao sasa ni watu wazima wanaojitegemea, na kwa sababu hiyo mume wetu anaitwa Baba Kulwa popote aendapo. Hata akiwa kwangu. Hata akiwa amembeba Kabula mabegani, watu wanapita na kusema, "Habari za leo, Baba Kulwa," nami nimesimama hapo hapo. Kabula mwenyewe, alipofika umri wa shule, alikwenda kukaa kwa mama yake mkubwa Kagongwa, maana mimi sikuwa na makazi ya kumsomeshea mtoto.

Mimi sikupewa nyumba. Nilipewa gari.

Lilikuwa gari la watalii, wale wazee wa Kizungu wanaosafiri na nyumba yao mgongoni kama konokono. Liliwafia njiani karibu na Isaka, wakaliacha gereji na kurudi kwao, na mume wangu akalinunua kama chuma chakavu kisha akalifufua. Ndani lina kitanda, jiko la gesi, kabati, na sinki yenye bomba. Ukifungua bomba, pampu ndogo inanguruma na maji yanatoka kwenye tenki lililo chini ya kitanda. Tukawa tunafuata machimbo. Pakisikika rashi, yaani dhahabu imeonekana mahali na watu wanapakimbilia, nasi tunawasha gari. Yeye anatengeneza mashine, mimi natandaza turubai ubavuni na kupika wali, ugali na chai. Vijana wa machimbo ya Rwamgasa waliliita Ikulu, na mimi wakaniita Mama Ikulu, na nililipenda jina hilo kuliko ninavyopaswa kusema.

Lakini kitu nilichokipenda zaidi ni lile bomba. Mama Kulwa ana bomba uani, mimi ninalo chumbani. Nilihakikisha kila ndugu anajua. Ndiyo maana sikuwahi kuchemsha maji ya kunywa. Maji ya bomba yachemshwe ya nini? Nikiyachemsha si nimekiri kwamba ni maji ya dumu tu, kama ya watu wengine? Nilikuwa nikitoka kwenye moto na jasho langu, najaza kikombe cha bati hadi juu, nakunywa nimesimama mlangoni ili wapita njia waone. Baba Kulwa yeye alikunywa chai na soda. Wateja walikunywa chai. Aliyekunywa maji ya tenki kama yalivyo ni mimi, tena kwa maringo.

Sasa niwaambie kuhusu tenki lenyewe, maana hapa ndipo ulipo ugonjwa wangu wote.

Safari yetu ya kwanza Rwamgasa ilikuwa ya neema. Mashine ziliharibika kila upande na wali uliisha kabla ya saa saba mchana. Mume wangu alikwenda kwa mfumu mmoja, mganga wa kijijini kwao, kushukuru na kuomba neema isikate. Mfumu akamwambia maji mliyoanza nayo ndiyo yaliyobeba bahati, yasikauke kamwe. Kila mnapojaza, jazeni juu ya yale ya zamani. Machimboni jambo hili halimshangazi mtu. Kuna wachimbaji ambao duara lao, yaani shimo lao, likianza kutoa dhahabu hawaogi wala hawafui mpaka litulie, wasije wakaifukuza bahati kwa sabuni. Basi Baba Kulwa akachora alama kwenye mpira mwangavu wa pembeni unaoonyesha kimo cha maji tenkini. Maji yakishuka kufikia pale, ni lazima kujaza. Yale ya chini tukayaita maji mama. Tulijaza ya visima vya Rwamgasa, ya lambo la ng'ombe wakati wa kiangazi, ya mvua, ya madumu ya vijana wa baiskeli ambao hakuna aliyewauliza wanachota wapi, na yote tuliyamimina juu ya maji mama.

Tenki halikuwahi kuoshwa tangu tulinunue gari. Nilipoona vijiuzi vya kahawia kwenye kikombe, nilichuja kwa kitambaa. Lilipoanza kunuka kama kamba iliyolowa, nilimwambia mume wangu. Akacheka, akasema, "Hiyo ndiyo harufu ya bahati, Mama Kabula. We unataka inuke marashi?" Nikacheka naye. Nilikuwa na mume, gari na siri ambayo mke mwenzangu hakuijua. Ningetaka nini tena?

Kiangazi kilipokuwa kinaishia, shule zikafungwa kidogo na Mama Kulwa akamleta Kabula kunisalimia. Nilimpa shikamoo, maana ni mkubwa kwangu, na kila shikamoo yangu kwake inapita kooni kama mwiba wa sato. Aliitikia vizuri, akaketi, akala. Nilikwenda kuhudumia wateja, niliporudi nikamkuta ameinua godoro langu, amefungua kifuniko cha tenki, anamulika ndani kwa tochi ya simu.

"Mama Kabula, hili tenki mnaliosha?"

"Kwani huko kwako bomba lako unaliosha?"

Alinitazama, akafunika, akarudisha godoro mahali pake na kulinyoosha shuka. Lakini siku zile zote alizokaa hakunywa maji yangu hata tone. Alinunua ya chupa, na Kabula akampa hayo hayo. Mwanangu mwenyewe, amekaa kitandani kwangu, anakunywa maji ya kununuliwa na mke mwenzangu. Nilikasirika mpaka nikavunja sahani wakati wa kuosha.

Mvua za kwanza ziliponyesha na watu kuanza kupanda, nikapata homa. Nilidhani ni malaria, nikanunua dawa dukani, nikameza. Ikatulia kidogo, ikarudi. Ilikuwa inapanda taratibu kila jioni, kichwa kinauma kama kimefungwa waya, na chakula chote kikawa na ladha ya majivu. Nikanunua dawa nyingine. Kwa kuwa nilikuwa na kiu, nilizidisha maji. Wapalilizi walipoingia shambani mara ya kwanza nilikuwa sinyanyuki. Mwisho wake asubuhi moja, nikiwa nachambua mchele, tumbo langu lilipasuka kwa ndani. Sina namna nyingine ya kulieleza. Likakaza kama ubao, nikaanguka juu ya ungo. Baba Kulwa hakusubiri kumtafuta dereva wala kukunja turubai. Alinilaza juu ya tenki lile lile, akawasha gari, tukaenda Geita turubai likiburuzika barabarani.

Walinifanyia upasuaji siku hiyo hiyo. Utumbo ulikuwa umetoboka. Nilipozinduka nilikuwa na mpira puani, mwingine ubavuni, na mshono kuanzia chini ya kifua mpaka chini ya kitovu. Kama unakwenda kwenye upasuaji huo, nikwambie kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Huruhusiwi kula wala kunywa mpaka ujambe. Usicheke. Ni dalili kwamba matumbo yameamka. Kila asubuhi muuguzi anapita kitanda hadi kitanda na kuuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, umejamba?" na watu wazima, wenye wakwe zao wamekaa pembeni, wanajibu kwa unyenyekevu, "Bado, sista." Kitanda cha jirani alikuwepo Bibi Nyanzobe, mkulima wa pamba, aliyepasuliwa baada yangu. Akajamba kabla yangu. Wodi nzima ilimpongeza, na yeye akatabasamu kama aliyefaulu mtihani. Nililia. Nilimwonea wivu bibi wa watu kwa ushuzi.

Katika hali hiyo ndipo aliponijia Mama Kulwa. Nilikuwa nimemwambia mume wangu asimwite. Akasema, "Sasa nani atakuuguza? Mimi siruhusiwi kukaa wodi ya wanawake." Ni kweli, lakini ukweli nao unaweza kuudhi. Mama Kulwa aliingia na kikapu, chupa ya uji na khanga mpya, na nywele zake zimesukwa vizuri zinashuka mpaka mabegani. Zangu zilikuwa zinabaki kwenye mto kwa mafungu. Mikono yangu ilikuwa imekonda mpaka bangili ya ndoa inapanda hadi kwenye kiwiko. Yeye alikuwa amenawiri, ananukia sabuni.

"Pole, mdogo wangu."

"Shikamoo," nikasema, nikageukia ukutani.

Nilikuwa nimekwishapiga hesabu yangu. Aliinua godoro langu, alifungua tenki langu, hakunywa maji yangu, kisha nikaugua. Kwa hiyo amenitilia kitu. Nikimaliza kufa, atachukua gari, na mume anaye tayari, na mwanangu anaye tayari. Hiyo ndiyo hofu iliyonikaba kuliko mshono, kwamba nafasi yangu duniani ilikuwa ndogo hivyo, kitanda kimoja juu ya magurudumu, na kuna mtu anaweza kuingia akaikalia bila hata kuhamisha viti.

Siku nilipojamba hatimaye, na wodi kunipongeza na mimi, muuguzi akaruhusu uji mwepesi. Mama Kulwa akanimiminia. Nikafunga mdomo.

"Kunywa kidogo tu."

"Sina njaa."

Bibi Nyanzobe akajiinua kwenye mto wake, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, kama yeye hataki nipe mimi. Wangu wa mtoni hawajafika." Alikuwa anawaita wanawe "wangu wa mtoni" kwa sababu wanalima bustani bondeni. Mama Kulwa akampa. Akanywa wote, akapangusa kikombe kwa kidole. Nilimtazama alasiri yote kuona kama atakufa. Hakufa. Kulipokucha aliamka mapema, mashavu yamejaa, akauliza, "Yule dada wa uji anakuja saa ngapi?" Hapo ndipo nikaanza kuutaka ule uji kwa nguvu zote, maana uji wangu alikuwa anaunywa mwingine. Alipofika niliunywa. Ulikuwa wa mtama, laini, umechujwa, una ndimu kwa mbali. Ulikuwa uji bora niliowahi kuonja, na hilo lilinichukiza.

Huruma ndogondogo zilikuwepo, nisiwe mchoyo wa kuzitaja. Kuna muuguzi aliyenisugua nyayo kwa maji ya vuguvugu bila kuombwa. Bibi Nyanzobe alinigawia nusu ya chungwa ambalo mimi sikuruhusiwa kula, nikawa nanusa tu. Mume wangu, kila alipokuja, alisimama dirishani akaonyesha mkono, na mara moja niliona anafuta macho na kofia.

Kisha akaniambia amelirudisha gari Rwamgasa na Mama Kulwa ataendesha biashara humo kwa muda, mchana atapika, na jioni atapanda basi kuja kuniona. Nilisema sawa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kusema hapana. Jumapili moja kijana mmoja wa karasha akaja kunijulia hali. Aliniletea juisi, Mungu ambariki, halafu akasema, "Ila mama mkubwa anajua kupika wali! Mimi juzi nimerudia sahani. Na maji anachotesha ya kisima kirefu kwa bodaboda." Nikamwambia nimechoka, aende.

Mume wangu alipokuja nikamwambia yote niliyokuwa nayo moyoni. "Jiulize mwenyewe. Kwa nini hanywi maji ya tenki? Kwa nini anachotesha ya kisima kirefu kwa bodaboda wakati bomba lipo? Anajua alichoweka humo."

Alikuwa na tabia ya kubisha kila kitu, lakini safari hii alishika ukingo wa dirisha na kugeuza uso pembeni. Jioni hiyo, Mama Kulwa alipokwisha kufika, daktari alipita, na kabla hajaondoka akatuuliza sote tuliokuwepo, "Huyu mama maji ya kunywa mnayatoa wapi?"

"Kwenye tenki la gari," nikasema.

"Linaoshwa mara ngapi?"

Nilimwangalia mume wangu. Mume wangu aliangalia viatu. Mama Kulwa, ambaye alikuwa anakunja nguo zangu miguuni pa kitanda, alituangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akaendelea kukunja. Daktari akasubiri, akaona hatupo tayari kusema, akasema tulisafishe au tulitupe, akaenda kwa wengine.

Kesho yake aliyetangulia kuja hakuwa Mama Kulwa. Aliyekuja ni Baba Kulwa, anahema.

"Mama Kulwa kaniua. Kafungua koki ya chini, kamwaga yote. Maji mama yote! Nimefika nimekuta anasugua ndani kwa brashi na dawa ya klorini, mkono umeingia mpaka begani. Nikamwambia, wewe mwanamke unajua unamwaga nini? Ananijibu, najua, namwaga kinyesi cha watu."

Alipokuja Mama Kulwa mwenyewe jioni alikuwa na mikono iliyochubuka na kile kikapu chake, na ndani yake kopo la plastiki lenye kifuniko. Akaliweka juu ya kabati la kitanda. Ndani mlikuwa na ute mweusi mzito kama kamasi, na miguu ya mende, na kitu ambacho zamani kilikuwa mjusi.

"Nimekuletea uone," akasema. "Baba Kulwa anadai nimemwaga bahati. Hii ndiyo bahati yake. Na wewe najua ulikuwa unaniwazia nini. Ungekuwa wewe nami ningekuwazia hivyo hivyo."

Bibi Nyanzobe aliangalia kopo, akasema, "Yesu wangu," akajifunika shuka. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilikuwa chini ya godoro, nakilalia.

Mngetarajia niseme kwamba hapo wivu ulikwisha. Uliongezeka. Harufu ile niliisikia miaka miwili. Vijiuzi nilivichuja kwa mikono yangu. Sikuthubutu kufungua ile koki kwa sababu kutunza siri ya mume wangu ndiyo ilikuwa njia yangu ya kupendwa, na huyu mwanamke aliifungua kwa siku moja, bila kuogopa kama atapendwa au la. Uji ningeweza kusamehe. Hilo lilinikaa vibaya.

Niliruhusiwa kutoka mahindi yalipokuwa yanachanua. Sikuweza kulala kwenye gari linalotikisika, wala kuinua hata sufuria, hivyo nikapelekwa Kagongwa, nyumbani kwa Mama Kulwa. Kabula alinisomea vitabu vyake vya shule na kuhesabu mbavu zangu kwa kidole. Nywele zilizobaki nilizinyoa. Kulikuwa na asubuhi ambazo Mama Kulwa aliniogesha uani penye bomba lake, akininyanyua kwapani kama mtoto, nami nikasema "wabeja" kwa Kisukuma kwa sababu "asante" ilikuwa ndogo. Na alipokwisha kunivisha nguo nilianza tena kumchukia kwa kuwa na mikono yenye nguvu. Yote mawili yalikuwa kweli. Kama unauguzwa na mtu unayemwonea wivu, usijisumbue kuchagua moja.

Wakati huo mambo ya mume wetu yalilegea. Rashi ya Rwamgasa ilipoa, wachimbaji wengi wakahamia kwingine, kama inavyotokea kila mara. Yeye akasema ni maji. Alimnunia Mama Kulwa kabisa. Akija Kagongwa alikuwa anapita moja kwa moja chumbani kwangu, anakaa kando ya kitanda, ananiletea maembe, ananiita jina langu la utotoni. Chakula cha Mama Kulwa hakugusa. Kwa mara ya kwanza tangu anioe nilikuwa naye mzima mzima. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, lawama ikae ilipokaa. Nami nilinyamaza, mvua zote mpaka zikakata, mpaka mpunga ukavunwa.

Pamba ilipoanza kupasuka mashambani alikuja na gari. Alikuwa amelipaka rangi upya, linameremeta. Alilisimamisha mbele ya nyumba, akatuita wote nje. Akasema amerudi kwa mfumu, amepewa maji mapya, ameyachanganya na ya lambo la kijijini kwao, tenki limejaa. Kuna rashi imesikika upande wa pili wa Geita, tutaondoka kesho. Akajaza kikombe changu cha bati kwenye bomba, akanishikisha mkononi.

"Haya ndiyo maji mama mapya. Mwenye gari aanze."

Aliniita mwenye gari mbele ya mke mwenzangu, na nimelisubiri neno hilo tangu siku niliyoolewa. Kikombe kilikuwa cha baridi. Maji yalionekana meupe tu, hayana neno.

"Baba Kulwa," nikasema, "nimetoka kupasuliwa."

"Ndiyo maana nakwambia uanze wewe, tuanze upya. Kama hutaki sema. Wapishi wapo wengi."

Hapo nikaelewa nafasi yangu ina ukubwa gani. Ni kikombe kile. Nikinywa ninayo, nikikataa sina.

Mlangoni Mama Kulwa alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akaanza kuja. Sikuhitaji kumuuliza anakuja kufanya nini. Alikuwa anakwenda kwenye ile koki. Angeifungua tena, mume angemnunia tena, na mimi ningebaki tena yule mke mdogo aliyekunywa na kunyamaza, na mwanangu amesimama pale anatazama.

Nikasema moyoni, hapana. Safari hii hapana. Hawezi kuwa yeye mara mbili.

Nikamwaga kikombe. Nikampita mume wangu, nikampita Mama Kulwa, nikafika ubavuni mwa gari kabla yake. Niliinama, na ndiyo kwanza nikagundua kwamba nimeinama bila kushika tumbo. Nikaifungua koki kwa mikono miwili. Maji yakatoka kwa kishindo, yakalowesha miguu yangu, yakapita chini ya viatu vya Baba Kulwa, yakakimbilia kwenye mahindi makavu ya jirani.

"Mama Kabula!" mume wangu akapiga kelele.

"Bahati yako ilinitoboa utumbo," nikasema. "Ukitaka mpishi mwingine mtafute. Lakini mwambie kwanza alale juu ya maji hayo miaka miwili."

Alipanda bodaboda akaondoka, na mimi nikakaa chini kwenye tope. Mama Kulwa alikuja na brashi, akanipa mkononi badala ya kuishika yeye. Alinielekeza tu. Kumwaga yote mpaka tone la mwisho, kusugua pembe zote, kutia dawa na kuacha ikae, kusuuza mara nyingi mpaka harufu iishe. Kifuniko kiwe na wavu. Na ya kunywa kuchemsha, hata kama yametoka bombani, hata kama bomba liko chumbani. Nawapa ninyi kama alivyonipa.

Baba Kulwa alirudi, kwa sababu rashi haisubiri na yeye hajui kupika hata chai. Hakuomba radhi. Alileta paketi ya dawa ya maji akaiweka juu ya sinki. Siku hizi tenki naliosha kila Jumamosi, na nikimaliza nalipiga kwa kiganja kusikia kama ni tupu kweli. Biashara inapanda na kushuka kama zamani, na bado anaitwa Baba Kulwa.

Shule zilipofungwa, Mama Kulwa alimleta Kabula machimboni. Nilimpa shikamoo. Aliketi, akala, kisha akainuka kama ambaye yuko kwake, akainua godoro langu, akafungua kifuniko na kumulika ndani kwa tochi ya simu. Alichukua muda mrefu. Mimi nilisimama na mwiko mkononi. Akafunika. Akachukua kikombe changu cha bati, akakijaza kwenye birika ya maji niliyochemsha asubuhi na kuyaacha yapoe, akanywa mpaka mwisho.

"Maji yako matamu, Mama Kabula," akasema. "Kuliko ya bomba langu."

Siku nilipotolewa nyuzi nilifurahi. Siku nywele ziliporudi nilifurahi. Lakini sikufurahi kama siku hiyo. Nilimwomba alirudie tena hilo neno kwa sauti, maana mume wetu alikuwa nje hakusikia.